Elimu ya Chuo Kikuu na Maslahi ya Mkulima

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi, Mpemba



Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za maghala, za mizani, za madeni yaliyolipwa na ya madeni yaliyobaki, na Mhasibu amewasomea hesabu. Hatuna la kuongeza hapo. Sisi Halmashauri imetuagiza tuzungumze juu ya jambo moja ambalo bado halijaingia katika daftari, nalo ndilo litakalopigiwa kura kabla mkutano huu haujafungwa: je, fedha za Mfuko wa Elimu zitumike kumsomesha mtoto wa mwanachama chuo kikuu katika masomo ya siasa za mataifa, uchumi, na utunzaji wa ardhi na mazingira, yote kwa pamoja?

Jambo lenyewe lilianza hivi. Binti wa mwanachama mmoja alimaliza kidato cha sita kwa sifa njema akapata nafasi ya masomo hayo. Bodi ya Mikopo imemkubalia sehemu ya gharama. Sehemu iliyobaki, mzazi wake hawezi. Akaleta barua ya maombi kwetu. Barua iliposomwa kikaoni, mzee mmoja wa Halmashauri, mtu wa busara ambaye sote twamheshimu, aliuliza: “Akimaliza, atakuwa nani huyu?” Kisha akafafanua: aliyesomea udaktari atakuwa daktari, aliyesomea ualimu atakuwa mwalimu, aliyesomea kilimo atakuwa bwana shamba. Lakini aliyesoma siasa kidogo, uchumi kidogo na miti kidogo, sisi tutamwita nani, naye atatufaa kwa lipi?

Swali hilo ni la haki. Mwapaswa kujua pia kwamba fedha zinazoombwa kwa miaka mitatu zingetosha kununua mashine ya kumenya kahawa mbivu, na kipo chama cha msingi kimoja ambacho kimeingoja mashine hiyo kwa misimu kadhaa. Basi anayepiga kura ya ndiyo ajue anachokiacha, na anayepiga kura ya hapana vilevile ajue anachokiacha. Kazi yetu leo ni kuyaweka yote mawili mbele yenu.

Mambo Yapitayo Mlangoni Petu

Mpemba ni mahali padogo, lakini dunia yapita hapa kila siku. Malori yatokayo Dar es Salaam hupimwa mizani, yakafuatana hadi Tunduma, na ng’ambo ya mpaka ni Nakonde, nchi ya Zambia. Yaendapo huchukua mafuta, mbolea na bidhaa za madukani. Yarudipo huchukua shaba ya Zambia na ya Kongo. Ndugu zetu Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka huo, kwa kuwa Wajerumani na Waingereza walipougawa hawakuuliza ukoo wa mtu wala shamba lake. Watu waishio mahali kama hapa hawawezi kusema kwamba mambo ya mataifa ni ya wakubwa wa mijini.

Tutazame kwanza reli ya TAZARA. Tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao wenyewe. Shaba ya Zambia ilikuwa ikipita kusini katika nchi hiyo, na kwa siku moja Zambia ikajikuta mlango wake umo mikononi mwa watu wasioitakia mema. Kabla ya hapo, wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamekwisha kutoa shauri kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitaleta faida. Waliuliza swali la uchumi peke yake, wakapata jibu la uchumi peke yake. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda waliuliza na swali la uhuru wa nchi. Mwaka 1967 Uchina ilikubali kusaidia kwa mkopo usio na riba. Ujenzi ukaanza mwaka 1970, na njia ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakamilika mwaka 1975. Mwaka uliofuata ikakabidhiwa kwa nchi mbili hizi.

Hata hivyo wale wachumi hawakuwa wajinga. Miaka ya baadaye reli hiyo ilipungukiwa mizigo, ikapungukiwa vichwa vya treni, na shaba nyingi ikarudi barabarani, kama tunavyoona kwa macho yetu hapa mizani. Aliyetazama fedha tu hangejenga reli, na Zambia ingebanwa koo. Aliyetazama siasa tu alijenga, lakini mzigo wa kuiendesha ukamwelemea. Ndiyo maana twasema kwamba mambo haya mawili hayatenganiki, na mtu wa kuyashika pamoja hupatikana kwa kufundishwa.

Tutazame pili kahawa, ambayo ndiyo ada ya shule na bati za nyumba kwa wengi wenu. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa katika jimbo la Paraná, nchi ya Brazili. Bei ya dunia ikapanda mpaka ikafika kileleni mwaka 1977. Mkulima wa Mbozi hakuwa amepanda shina jipya hata moja, wala hakuwa amebadili namna ya kupalilia. Bei ilipandishwa na baridi ya nchi asiyopata kuiona. Kisha Julai 1989 bei ilianguka, na katika miezi michache ikapungua kwa karibu nusu. Mara hii sababu haikuwa baridi wala ukame. Tangu mwaka 1962 kulikuwa na Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa, ambayo makao ya shirika lake yako London, nayo yaliziwekea nchi mafungu ya mauzo ili kahawa isifurike sokoni. Mwaka huo wa 1989 wauzaji na wanunuzi walishindwa kuelewana, mafungu yakaachwa, na kila nchi ikauza kadiri ilivyoweza. Na Februari 2025, baada ya ukame huko Brazili na wasiwasi wa wafanyabiashara, bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, juu kuliko kile kilele cha mwaka 1977.

Hayo ni mabadiliko matatu makubwa, na asili zake ni mbalimbali. La kwanza lilitoka angani, la pili lilitoka mezani kwa wakubwa, na la tatu lilitoka angani likakuzwa na sokoni. Mtu aliyejifunza hali ya hewa tu angelijua la kwanza asilijue la pili. Mtu aliyejifunza siasa tu angelijua la pili, na lile la kwanza lingempita.

Tutazame tatu mahindi. Tarehe 29 Februari 2024, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza kwamba ukame wa nchi yake ni janga la taifa. Upande wetu mvua zilikuwa zimenyesha, na wanachama walikuwa na wasiwasi wa kukosa wanunuzi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukauza mahindi Zambia. Mtazame, ndugu zetu, vitu vilivyokutana katika gunia moja la mahindi mwaka ule: joto la bahari ya Pasifiki ambalo wataalamu waliita El Niño, makubaliano ya serikali mbili, kibali cha kuuza nje, cheti cha afya ya mimea, nauli ya lori, na bei ya debe hapa kijijini. Aliyeuza mapema kwa mlanguzi kabla ya kusikia habari za jirani aliuza kwa bei ya asiyejua.

Jinsi Elimu Hii Ilivyoanza Nchini Mwetu

Wako wanaodhani kwamba kusoma fani hizi kwa pamoja ni mtindo mpya ulioletwa na wageni. Ni kweli kwamba kule Oxford, Uingereza, siasa, uchumi na falsafa vimesomwa pamoja tangu miaka ya 1920. Lakini Tanzania ina historia yake katika jambo hili, na historia hiyo yamhusu mkulima moja kwa moja.

Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi wake waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Nchi nzima ikaanza kujiuliza kama hawa waliosomeshwa kwa kodi ya pamba, kahawa na mkonge wamjua kweli yule anayelipa kodi hiyo.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Na mwezi Machi walimu wa chuo wakakutana kujadili kazi ya chuo chao katika nchi iliyochagua ujamaa. Hoja kubwa, kwa maneno yetu, ilikuwa hii: mwanasheria aweza kuhitimu bila kujua bei ya pamba hupangwaje, na mhandisi aweza kuhitimu bila kujua daraja lake litamfaa nani. Likaanzishwa somo la pamoja juu ya matatizo ya jamii na uchumi wa Afrika Mashariki, ambamo historia, siasa, uchumi na sheria vilifundishwa kama habari ya nchi moja. Somo hilo lilikua, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Hata leo, katika vyuo vikuu vingi vya nchi yetu, mwanafunzi wa uhandisi au wa udaktari hulazimika kusoma somo la Maendeleo kabla ya kuhitimu.

Upande wa ardhi haukusahauliwa. Mwaka 1967 hapo hapo Mlimani iliundwa ofisi ya kuchunguza rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa jina la BRALUP, ambayo mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Humo wenye kujua udongo, maji, mvua na watu walifanya kazi chini ya paa moja. Walikuwako pia walimu kama Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha historia Dar es Salaam mpaka mwaka 1974, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa London na Dar es Salaam pamoja. Yeye alikuwa mwanahistoria, lakini hoja zake zilijaa hesabu za biashara. Mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zikaanzisha kwa makubaliano Chuo cha Diplomasia kule Kurasini, ili nchi zetu zipate watu wa kusema mezani kwa mataifa.

Wala isidhaniwe kwamba jambo hili lilipita bila upinzani. Walikuwako walimu waliosema kwamba somo la pamoja lilikuwa siasa iliyovaa joho, na walikuwako waliosema kwamba kusoma mengi kwa muda mfupi ni kuonja vyungu vya jirani bila kushiba. Kwa hiyo mzee wetu aliyeuliza swali lake kikaoni hayuko peke yake. Alisema jambo ambalo wasomi wenyewe wamelibishania kwa zaidi ya miaka hamsini.

Maswali Matatu Juu ya Gunia Moja

Sisi tunaozungumza hapa tuliishia shule ya sekondari, hatukufika Mlimani. Lakini kwa kazi ya ukatibu tumelazimika kusoma barua na sheria ambazo zatoka mbali, na humo tumeona namna fani hizi zinavyokutana. Tuchukue mfano wa karibuni.

Mwaka 2023 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, mbao na mazao mengine kadhaa yasiingizwe kwao ikiwa yamelimwa katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila mzigo sharti uonyeshe shamba ulikotoka, kwa alama za ramani. Utekelezaji wake uliahirishwa, lakini wanunuzi walianza kuuliza maswali bila kungoja.

Mwanafunzi wa siasa za mataifa atauliza: nani alitunga sheria hii, nani aliulizwa, nani hakuulizwa, na ni mlango gani wa kupitisha malalamiko? Mwanafunzi wa uchumi atauliza: gharama ya kupima mashamba ya wakulima wadogo italipwa na nani, na je, mnunuzi ataongeza bei au atamwachia mkulima mzigo? Mwanafunzi wa mazingira atauliza: msitu wetu hali yake ikoje, vijito vyetu vyakauka au la, na je, sheria hii, hata kama imetungwa mbali, yasema jambo la kweli?

Tazameni sasa hasara ya kuuliza swali moja tu. Aliye na swali la kwanza peke yake atalaumu Ulaya, naye atapigiwa makofi, lakini kahawa itabaki ghalani. Aliye na swali la pili peke yake ataandika hesabu ya gharama, asijue ampelekee nani. Aliye na la tatu peke yake atatuhubiria tupande miti, na atasema kweli, lakini hatatueleza tutakula nini mpaka miti ikue. Chama chetu chahitaji mtu ambaye maswali yote matatu yamo katika kichwa kimoja, au walau mtu awezaye kuwaketisha pamoja wataalamu watatu na kuelewa lugha ya kila mmoja.

Kuhusu neno hili “maendeleo endelevu” ambalo siku hizi lasikika kila mahali, lilienea duniani mwaka 1987 kwa taarifa ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norwe. Maana yake si ngeni kwenu. Ni kujipatia mahitaji ya leo bila kuwanyang’anya watakaozaliwa kesho. Mkulima hali mbegu. Mzee aliyeacha mti wa kivuli katika shamba la kahawa, na aliyekataza kulima mpaka ukingoni mwa kijito, alikuwa akiitenda elimu hii kabla haijapewa jina. Kilichoongezwa na chuo ni vipimo: kujua udongo wapotea kiasi gani, mvua zabadilika vipi, na gharama yake ni ipi kwa miaka ishirini ijayo. Wenzetu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, huko Mbozi, wametusaidia kwa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hiyo ni kazi njema ya sayansi. Lakini mche mzuri hauwezi kwenda London kujadili bei.

Hoja za Wanaopinga

Hoja ya kwanza yasema: mshika mawili moja humponyoka. Methali hii ni ya kweli, na twaikubali. Mtu aliyeonja kila fani bila kushika hata moja ni mzigo kwa wazazi wake. Ndiyo maana katika masharti tutakayoyasoma tumetaka mwanafunzi ashike fani moja kwa nguvu, nyingine zimzunguke kama mafiga yazungukavyo moto. Lakini methali yajibiwa kwa methali: kidole kimoja hakivunji chawa.

Hoja ya pili yasema: tununue mashine kwanza, elimu baadaye. Hapa hatutaki kumdanganya mtu. Mashine italeta faida msimu ujao, na mwanafunzi hataleta senti kwa miaka mitatu au minne. Hata hivyo na tukumbuke yaliyopata vyama vya ushirika katika nchi hii. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Havikurudi kisheria mpaka mwaka 1982. Mashine zilikuwako, maghala yalikuwako, magari yalikuwako. Siku ya kujadiliwa, vitu hivyo havikuweza kusimama kuvitetea vyama. Watetezi wa ushirika ni watu wanaojua sheria, hesabu na mambo ya nchi, nao huandaliwa kabla ya hatari kufika.

Wazee waliotutangulia walilijua hilo. Marehemu Paul Bomani alikuwa mtu wa ushirika wa wakulima wa pamba kule Mwanza. Katika miaka ya 1950 alikwenda Uingereza kusoma mambo ya ushirika katika Chuo cha Loughborough, akarudi kuongoza Shirikisho la Vyama vya Victoria, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Fedha. Jirani zetu wa Rungwe nao walimtoa Jeremiah Kasambala katika ushirika wao, akawa Waziri aliyesimamia ushirika. Na mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi, ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicholeta faida katika msimu mmoja.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo yasemwa kwa sauti ya chini: akisoma hatarudi. Atapata kazi Dodoma au Dar es Salaam, au ng’ambo, na sisi tutabaki tukisoma jina lake magazetini. Mwalimu Nyerere alipata kuwafananisha waliosomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Asiporudi, amewasaliti. Ndugu zetu, hatuwezi kumfunga mtu kamba. Lakini twaweza kufanya mambo mawili: kumwekea masharti ya haki yaliyoandikwa, na kuhakikisha kwamba akirudi atakuta kazi, kiti na mshahara. Wengi wasiorudi hawakukimbia. Walirudi wakakuta hakuna aliyewangoja.

Masharti Tunayopendekeza

Halmashauri imekubaliana kuwaletea mapendekezo haya, ili mwayakubali, mwayarekebishe au mwayakatae.

Kwanza, mwanafunzi atachagua fani moja kati ya hizo tatu awe ameishika barabara, na kila mwaka ataleta matokeo yake kwa Katibu, yasomwe mbele ya Halmashauri.

Pili, kila likizo ndefu atafanya kazi katika chama cha msingi: kupima mazao, kuandika daftari, na kwenda shambani na bwana shamba. Hatalipwa zaidi ya chakula na nauli. Asiyejua uzito wa gunia begani asitusemee juu ya bei yake.

Tatu, tasnifu yake ya mwisho iandikwe juu ya jambo la hapa kwetu. Tumetaja matatu ya kuchagua: biashara ya mahindi kati ya Tunduma na Nakonde, gharama ya kupima mashamba ya kahawa kwa ajili ya soko la Ulaya, na hali ya vijito na misitu katika mashamba ya wanachama. Nakala moja itawekwa katika ofisi ya Chama Kikuu.

Nne, kila Mkutano Mkuu atasimama hapa kueleza aliyojifunza kwa Kiswahili ambacho kila mama aliyeketi hapa atakielewa. Elimu isiyoelezeka kwa anayeilipia bado haijaiva.

Tano, akihitimu atakitumikia Chama miaka mitatu, nacho Chama kitampa kazi ya kufuatilia masoko, sheria na mikataba. Chama kisipompa kazi hiyo katika miezi sita, atakuwa huru. Akikataa kazi aliyopewa, atarudisha fedha kwa mafungu.

Sita, chama cha msingi kinachongoja mashine kitakuwa cha kwanza katika orodha ya mwaka ujao, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu, ili lisitegemee kumbukumbu ya Katibu.

Sasa twamjibu mzee wetu. Aliuliza, akimaliza atakuwa nani. Atakuwa mtumishi wa Chama Kikuu mwenye kazi ya kutazama mbali kwa niaba ya wale ambao macho yao yamo shambani kutwa. Baridi ikianguka Brazili, atuambie kabla ya madalali. Sheria ikitungwa ng’ambo, atusomee, atuandikie barua ya kujibu, na ajue ya kumpelekea. Jirani akikumbwa na ukame, atueleze tuuze lini na kwa kibali gani. Na sisi wenyewe tukianza kulima ukingoni mwa kijito kwa tamaa ya gunia moja zaidi, awe na ujasiri wa kutuambia hesabu yake. Kazi hiyo haina jina la zamani, lakini katika miaka hii kumi hakuna msimu ambao hatukuihitaji.

Bwana Mwenyekiti, hatukuja kuwashawishi wanachama kwa maneno matamu. Fedha ni zao, watoto ni wao, na uamuzi ni wao. Twaomba tu kila mmoja apige kura akiwa ameyasikia yote mawili, ya mashine na ya mwanafunzi.